Ushuhuda kanisani: jinsi ya kuupanga, kuutoa na kuupokea ibadani

Bwana asifiwe wapendwa. Hii naiandika kwa watu wa aina mbili, wa kwanza ni wewe unayeongoza ibada, uwe mzee wa kanisa, emsii, mama wa fellowship ama kiongozi wa vijana, na wa pili ni wewe ambaye Mungu amekutendea jambo na moyo unakusukuma jumapili usimame useme. Mimi niko Kampala, ibada yetu ni ya Kiswahili, wanakuja watu wa Arua na Koboko, Wakonzo wa Kasese, ndugu zetu Wakongomani, familia za askari waliokulia kambini na Kiswahili chao, na Wakenya kidogo, kwa hiyo shuhuda ninazoskia ni za kila namna na nazipenda sana, kuna jumapili mahubiri yote yanapotea kichwani lakini maneno ya mama mmoja aliyesimama dakika mbili yanakaa na mimi wiki nzima.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusipotezeane muda. Ushuhuda ni ibada. Kule mbele mtu anamtukuza Mungu kwa kitu alichokiona kwa macho yake, na hiyo ina uzito wake kama vile maombi yana uzito na neno lina uzito. Sasa makanisa mengi tunauchukulia kama kitu cha kujazia nafasi wakati kwaya wanavaa majoho na fundi anahangaika na spika, emsii anauliza tu "nani ana ushuhuda?", mtu yeyote anaruka anashika maiki, dakika ishirini zinakwenda, mama mkwe ametajwa kwa jina, jirani ameitwa mchawi, na mchungaji ameketi pale anaangalia saa. Alafu wiki inayofuata tunafuta kipindi chote cha ushuhuda tukisema watu wanaharibu. Hapana, watu hawajaharibu, hatujawafundisha tu. Hebu twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua unachokileta ni kitu gani

Soma Yohana 9, yule aliyezaliwa kipofu. Wanamzunguka na maswali magumu, wanataka aseme Yesu ni mwenye dhambi ama vipi, yeye anawajibu hilo hajui, anajua neno moja tu, alikuwa kipofu na sasa anaona. Hakujifanya mwalimu wa sheria. Alibaki palepale kwenye kile alichokijua na hawakuweza kumsogeza. Ukimaliza hapo soma Marko 5, mule ndani kuna watu wawili, kuna yule aliyetolewa pepo ambaye Yesu anamwambia aende kwao awaambie watu wa nyumbani mambo aliyotendewa, na kuna yule mama aliyetokwa damu miaka 12 ambaye alitaka kuponywa kimyakimya aende zake lakini Yesu akasimamisha msafara wote mpaka akajitokeza akasema kweli yote mbele ya watu. Zaburi nazo zimejaa, ile ya 66 mtu anawaita wamchao Mungu waje waskie aliyotendewa, ile ya 107 inasema waliokombolewa na waseme.

Na sisi wa Uganda hatuna kisingizio kabisa, maana uamsho ulioanzia huku ulitembea kwa ushuhuda. Mwaka 1929 pale Namirembe, Simeoni Nsibambi, Muganda, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa anafanya kazi Gahini kule Rwanda, wakaomba pamoja na kusoma Biblia pamoja, na miaka ya 1930 ule moto ukashika Rwanda, Uganda, Burundi, ukavuka Kenya na Tanganyika. Hao ndio Balokole, walokole wa kwanza kabisa. Hawakuwa na televisheni wala mabango barabarani. Mtu wa kawaida alisimama akasema dhambi aliyoiacha, na kesho yake unamwona anarudisha ng'ombe aliyemwiba, anarudisha pesa ya mwajiri, anaenda kuomba msamaha kwa mtu aliyekuwa anamchukia. Hicho ndicho kilichowashtua watu. Ushuhuda uliweza kuufuata mpaka nyumbani kwa yule mtu ukaukuta uko vilevile. Viongozi wengine wa kanisa hawakupenda, na mwaka 1941 pale chuo cha theolojia Mukono wanafunzi wa uamsho wakafukuzwa, lakini mikutano yao ya ushuhuda haikuzimika, na mpaka leo ukienda Kigezi ama Ankole utazikuta fellowship za namna ile.

Hatua ya 2: Kiongozi, tafuta mahali pake kwenye ratiba

Hii ni fupi. Ushuhuda unahitaji nafasi inayojulikana, wasije watu wakabahatisha. Makanisa ya kipentekoste wengi wanauweka baada ya sifa na kuabudu, kabla ya neno, na ni mahali pazuri kwa sababu mioyo imeshafunguka. Waanglikana wengi unakuja karibu na matangazo, na hapo nawaomba viongozi, jamani uutenganishe na matangazo, mtu hawezi kusema Mungu amemtoa kaburini alafu sekunde ileile mtu anatangaza mchango wa mabati. Kwa Wakatoliki mambo ni tofauti, maelekezo ya Roma ya mwaka 2004 yanataka ushuhuda wa mlei, yaani muumini asiye padri, utolewe zaidi nje ya Misa, na kama kuna sababu nzito utolewe baada ya padri kusali ile sala ya baada ya komunyo, wala usichukue nafasi ya homilia, yaani mahubiri ya padri, ndio maana wenzetu wa karismatiki wanautoa sana kwenye mikutano yao ya sala na kwenye makesha.

Kwa ibada ya kawaida weka watu wawili, wakizidi sana watatu. Dakika tatu kila mmoja. Kama wako wengi wenye kitu cha kusema, na wapo, panga jumapili moja ya mwezi ama kesha moja iwe ya shukrani na ushuhuda, na zile za kila wiki zipeleke kwenye fellowship za nyumbani ambako watu kumi wameketi kwenye mkeka na hakuna haja ya maiki. Ukweli ni kwamba ushuhuda mwingi mahali pake halisi ni huko, kule watu wanakujua, wanajua deni lako, wanajua mume wako, hauwezi kuwadanganya.

Hatua ya 3: Skiliza kabla ya kanisa kuskia

Hapa ndipo viongozi wengi tunaogopa, tunaona kama tunamzuia Roho Mtakatifu. Paulo mwenyewe kwenye 1 Wakorintho 14 anaruhusu kila mtu aje na kitu chake, zaburi, fundisho, ufunuo, na hapohapo anasema wengine wapime, na yote yafanyike kwa utaratibu. Kwa hiyo kupima sio kukosa imani.

Fanya hivi. Tangaza kwamba mwenye ushuhuda amwone mzee fulani ama mama fulani mapema, alhamisi, ijumaa, hata jumapili nusu saa kabla ya ibada, nje chini ya mti inatosha. Mwambie akueleze kwa kifupi. Muulize maswali matatu ya upole: hiki kimetokea lini, nani mwingine anakijua, na kuna mtu ataumia ukikisema? Basi. Mtu mkweli maswali haya hayamsumbui, na mara nyingi yanamsaidia kupanga mawazo yake.

Kuna aina tatu ambazo usiziache zipite hivihivi.

Ya kwanza ni uponyaji. Tunaamini Mungu anaponya, mimi naamini. Lakini mtu akisema amepona sukari, presha, kifua kikuu ama virusi vya ukimwi, muulize kama amerudi hospitali akapimwa, na muulize kama bado anakunywa dawa. Kifua kikuu cha kawaida dawa zake ni miezi 6 na mtu anaweza kujiskia mzima kabisa mwezi wa pili, akiacha pale ugonjwa unaweza kurudi na ukali zaidi na dawa za kwanza zisiuweze. Mwenye kunywa ARV, zile dawa za virusi vya ukimwi, naye ukimpima wingi wa virusi unaweza kukuta havionekani kwenye damu, hiyo ni habari njema sana ya kumshukuru Mungu, lakini havionekani kwa sababu dawa inafanya kazi, akiacha vinarudi. Sasa akisimama mbele akasema "nimepona, dawa nimetupa", kuna dada mmoja ameketi benchi la nyuma ambaye jumatatu na yeye atatupa zake, na hatakuambia. Damu ya huyo dada utaulizwa wewe uliyempa yule maiki. Kwa hiyo kanuni yetu ni rahisi, ushuhuda wa uponyaji wa magonjwa hayo unakuja na daktari ameshasema, na hata hivyo tunaongeza neno moja mbele ya watu: mtu yeyote asiache dawa bila daktari.

Ya pili ni maono na sauti. "Mungu ameniambia dada fulani ni mke wangu", hiyo haiendi kwenye maiki hata kidogo, utamfunga yule dada mbele ya kanisa zima. Na maono makubwa zaidi pia yapimwe. Uganda tunajua Kanungu. Credonia Mwerinde alianza kwa kushuhudia kwamba Bikira Maria anamtokea, watu wakaamini, wakauza mali zao, wakamfuata yeye na Joseph Kibwetere, na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakafa kwa moto ndani ya kanisa lao. Ilianza na ushuhuda ambao watu waliupokea bila kuupima. Nikikumbuka hilo sioni aibu kabisa kumuuliza mtu maswali chini ya mti.

Ya tatu ni pesa. Mtu anasema alitoa sadaka fulani, wiki iliyofuata akapata gari, akapata visa. Kama kweli Mungu amempa kazi ashukuru, tufurahi naye, tena tupige vigelegele. Lakini bei usiruhusu itajwe, na usiruhusu ile hesabu ya nilitoa kiasi hiki nikapata mara kumi, kwa sababu pale kuna mjane ametoa pia na hajapata kitu, sasa unamfundisha nini kuhusu Mungu? Na mchungaji anayetafuta watu wa kuwalipa waje kusema wamebarikiwa, huyo simwandikii hapa, huyo anahitaji kutubu.

Hatua ya 4: Mwenye ushuhuda, andika

Hata kama unasoma kwa shida, hata kama mtoto wako ndio atakuandikia. Ukurasa mmoja wa daftari la shule unatosha, ukizidi hapo umeshatoka dakika tatu. Paulo akijitetea mbele ya Agripa, Matendo 26, ukiangalia amepanga vizuri: nilikuwa mtu wa namna gani, nini kikanikuta njiani, tangu hapo nimekuwa nikifanya nini. Chukua mpango huo huo. Nilikuwaje, Mungu akafanya nini, leo niko wapi.

Tatizo kubwa ninaloliskia kila wiki ni ushuhuda usiokuwa na kitu ndani. Ni kama hivi:

"Bwana asifiwe, Bwana asifiwe tena, nawasalimu katika jina la Yesu, mimi nimesimama hapa kwa sababu shetani alinipiga vita kila upande, lakini Mungu wetu ni Mungu wa ajabu, hashindwi, akafungua milango, adui akaaibika, mwambie jirani yako nimefunguliwa, amina?"

Watu wanaitikia amina, wanaketi, na hakuna anayejua nini kilitokea. Sasa angalia huu, nimeutunga wa mama anayeuza mukene, wale dagaa wadogo, sokoni ili uone tofauti:

"Bwana asifiwe. Mimi nauza mukene. Mwezi wa pili mtoto wangu alirudishwa nyumbani sababu ya ada. Wakati huo nilikuwa siongei na dada yangu tangu matanga ya baba, tuligombania shamba. Kwenye fellowship tukasoma Mathayo 5, pale Yesu anasema uache sadaka yako ukapatane kwanza na ndugu yako. Nilikasirika, nilirudi nyumbani nimenuna, usiku sikulala. Asubuhi nikampigia simu. Sikumwomba pesa, nilimwomba msamaha. Alilia, nikalia, airtime yangu ikaisha, akanipigia yeye. Ada bado sijamaliza, shule imekubali nilipe kidogo kidogo. Lakini leo dada yangu yupo, ameketi pale nyuma. Namshukuru Mungu."

Hiyo ni chini ya dakika mbili. Ona vile vitu vidogo vinafanya kazi, airtime kuisha, kununa, kukosa usingizi, hayo yanaonekana ya kweli na kila aliyeketi pale anamfikiria dada ama kaka yake wa kwao ambaye hawaongei. Ona pia neno la Mungu liko katikati na halikuhubiriwa, limetajwa tu lilipomgusa. Na ada haijaisha, amesema haijaisha. Angeweza kuficha hilo ili ushuhuda upendeze na hakuna ambaye angejua, lakini kwa sababu amelisema tunamwamini kwa yote mengine.

Ukimaliza kuandika usome kwa sauti nyumbani mara moja. Alafu siku yenyewe usisome karatasi, ishike tu mkononi kama wasiwasi ukikupata.

Hatua ya 5: Toa vitu hivi nje

Jina la mtu mwingine yeyote ambaye hajakubali. Mume wako akiwa alikuwa mlevi na sasa ameacha, muulize yeye kwanza, akikataa basi ushuhuda huo ni wake, atausema yeye siku yake. Dhambi yako ya zamani taja kwa neno moja ama mawili, usitutembeze ndani yake, watoto wapo, na kuna ndugu ambaye ameacha pombe juzi tu na wewe unamwelezea ladha ya waragi. Walokole wa zamani walitubu mambo mengi hadharani na wengine walijifunza kwa uchungu kwamba ukikiri uzinzi mbele ya watu umemkiri na mwenzako pia, na mume wa yule, na watoto wa yule. Mambo ya namna hiyo yana mchungaji wake na chumba chake.

Kusema kanisa ulilotoka ni la giza, toa. Kumsifu mchungaji kuliko Mungu, toa, mwambie asante yake akiwa ofisini. Na zile salamu ndefu za kuanzia, baba mchungaji, mama mchungaji, wazee, wageni waalikwa, hizo ndio zinakula dakika yako ya kwanza nzima, "Bwana asifiwe" moja inatosha.

Hatua ya 6: Kuwa rafiki wa mkalimani

Huku kwetu ni kawaida mtu akisema Kiswahili kuna mwingine pembeni anageuza kwa Luganda ama Kiingereza, na hapo ushuhuda mzuri mwingi unafia. Kumbuka dakika tatu zako zinakuwa moja na nusu. Mtafute mkalimani kabla ya ibada mueleze habari yote, asiiskie kwa mara ya kwanza mbele ya watu, maana akishtuka ama akilia na yeye mambo yanakwama. Sema sentensi fupi, simama, mwache amalize, usimrukie. Methali na maneno ya mafumbo punguza. Majina ya magonjwa na ya mahali mwambie mapema, niliwahi kuskia mkalimani anageuza ugonjwa kuwa kitu kingine kabisa na mama wa watu akapewa maombi ya shida asiyokuwa nayo. Na kama lugha yako ya moyoni ni Lugbara, Kikonzo ama Kinyabwisha, omba useme kwa hiyo, kanisa litafute wa kugeuza. Mtu anashukuru vizuri kwa lugha aliyolilia.

Hatua ya 7: Acha nafasi kwa ambaye jibu halijafika

Hii ndio hatua ninayoiombea zaidi, na nitakaa hapa kidogo.

Tukiita ushuhuda tunamaanisha aliyepata. Aliyepata kazi, aliyepata mtoto, aliyepona. Na yule aliyeomba miaka saba mtoto akakosa anaketi anapiga makofi kila jumapili kwa ajili ya wengine, na hakuna siku tunamwita yeye. Polepole anaanza kuamini kwamba habari yake na Mungu haifai kanisani. Wengine wanaondoka hivohivo, hawagombani na mtu, siku moja tu unaona kiti kiko wazi.

Lakini Biblia haikuwafungia mlango watu hao. Zaburi ya 13 inaanza na hata lini, ee Bwana. Paulo kwenye 2 Wakorintho 12 anashuhudia kuhusu mwiba ambao aliomba mara tatu uondolewe na haukuondolewa, alichopewa ni neno la kwamba neema yatosha, na huo ni ushuhuda, tena tunauhubiri mpaka leo.

Na Uganda imewaona watu kama hao kwa macho. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani akasema ana ukimwi, wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwa unanong'onezwa tu, akazunguka mashuleni na makanisani akisema kweli kuhusu mwili wake unaokwisha, na Desemba ya mwaka huohuo akafa. Hakupona. Hakuna aliyeweza kupiga makofi mwisho wa ile habari, lakini nchi nzima ilibadilika jinsi ya kuongea. Alafu mwaka 1992 kasisi wa Kianglikana, Gideon Byamugisha, akasema wazi kwamba anaishi na virusi, mhubiri, mtu wa madhabahu, na kwa kusema kwake wangapi waliokuwa wanajificha kanisani walipata pa kupumua. Fikiria kama kiongozi wa ibada angewaambia subirini mpone kwanza ndio mje kushuhudia.

Kwa hiyo kiongozi, mara moja kwa muda, ita ushuhuda wa anayengoja. Usimshtukize mbele ya watu, mwendee nyumbani, keti naye, muulize kama yuko tayari, na akisema hapana usirudie. Akisema ndiyo, mpe uhuru wa kutomalizia na ushindi. Anaweza kusema hivi tu: "Mtoto wetu tulimzika mwezi wa nane. Bado silali vizuri. Sijui kwa nini. Lakini wamama wa kanisa walikuja wakalala nyumbani kwangu mpaka siku za matanga zikaisha, na kila asubuhi kuna mtu alikuwa anasali. Bado naja kanisani. Niombeeni." Kisha kazi ya emsii ni kunyamaza kidogo. Usiruke na "Mungu ni mwema!" ukingoja watu waitikie "wakati wote!", hiyo kwa wakati ule ni kumfunga mdomo. Usimwambie Mungu atakupa mwingine. Ita watu wawili watatu waje wamshike, waombe, na wimbo wa taratibu ufuate.

Hatua ya 8: Kanisa nalo lijue kupokea

Ndugu wa uamsho walikuwa na desturi nzuri sana, mtu akimaliza ushuhuda wanaimba Tukutendereza Yesu, yaani tunakusifu Yesu, na wimbo huo umevuka lugha zote, hata Mluo wa Kenya na Mkiga wanauimba kwa Luganda hiyohiyo. Faida yake ni kwamba sifa zinatoka kwa yule mtu zinakwenda kwa Mungu palepale, hapati muda wa kuvimba kichwa, na aliyetubu kitu kigumu harudi kwenye kiti chake kwa ukimya wa aibu. Kama nyinyi mna wimbo mwingine wenu, sawa, lakini muwe nao mmoja mnaoujua wote na upigwe bila kungoja kinanda.

Baada ya wimbo, ombi fupi. Baada ya ibada mtu asiende kumchimba kwa maswali pale mlangoni, na kile alichokisema ndani kisigeuke habari ya kwenye taksi ukirudi nyumbani. Hili mchungaji alifundishe waziwazi, tena zaidi ya mara moja.

Hatua ya 9: Simu

Sa hivi kila mtu ana simu juu, ushuhuda haujaisha na uko WhatsApp tayari. Muulize mtu kabla hajasimama kama anakubali kurekodiwa, na akikubali kurekodiwa muulize tena kama anakubali kurushwa nje, hayo ni mambo mawili tofauti. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu ni kati ya zile zinazolindwa, lakini hata bila sheria, mama aliyetubu mbele ya watu sitini hakutubu mbele ya dunia. Watoto wasirushwe. Mkimbizi aliyekimbia watu wanaomtafuta, usirushe sura yake wala mahali anapokaa, hata kama amefurahi na yeye mwenyewe anasema sawa, muelezeni hatari kwanza. Na mtu akirudi baada ya mwaka akasema nimebadilisha mawazo mtoe ile video, itolewe siku hiyohiyo bila mkutano wa kamati.

Hatua ya 10: Mfuate

Mtu aliyeokoka juzi akitoa ushuhuda mzuri tunampenda, tunamwita tena, kesho anaitwa kanisa jirani, keshokutwa anaitwa kwenye kesha, kabla hujajua amekuwa mtu wa jukwaa na hajasoma hata Injili moja mpaka mwisho. Mzuie kwa upendo. Ampate mtu mzima wa kumlea, ahudhurie mafundisho ya ubatizo, na ule ushuhuda ukae kidogo.

Kanisa liwe na daftari. Karani aandike tarehe, nani, kwa kifupi amesema nini. Jumanne ama jumatano inayofuata mtu mmoja ampigie simu ama apite nyumbani, kwa sababu siku mbili baada ya kushuhudia watu wengi wanapata vita vikali ama wanajuta wamesema sana, na wakati huo hawana mtu. Baada ya miezi mitatu mzee apite tena: ile kazi bado ipo? mmeendelea kupatana? umerudi kupimwa? Ikionekana mambo hayakuwa vile ilivyosemwa, kama alikosea bila kujua asaidiwe kulirekebisha mbele ya watu kwa sentensi mbili, na kama alidanganya kwa makusudi mchungaji aongee naye faraghani kwanza, Mathayo 18, kisha lirekebishwe palepale liliposemwa, kwenye ibada ileile. Daftari hilo likae kwenye kabati lenye kufuli, ufunguo kwa mchungaji na karani tu.

Kama ni mara yako ya kwanza kama kiongozi, anza jumapili hii na mtu mmoja. Nenda kwake ijumaa, kaa naye na daftari, msaidie kupata zile sehemu tatu, mtafutie mkalimani, na jumapili simama karibu naye ushike maiki wewe mwenyewe.